Kete Nane za Miguu

Nilisoma mpaka darasa la nne, na kilichonizoeza kalamu zaidi ni kuandika vipimo vya watu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kwa hiyo sina hakika kama mambo haya nayapanga inavyotakiwa. Nitaanza na mchezo, maana bila mchezo mengine hayataeleweka.

Tuliucheza Tabora, Gongoni, kwenye baraza ya fundi cherehani niliyekuwa nikishona kwake. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na vitambaa vilikuwa vya mgao. Mgao ukifika tulishona mpaka vidole vinakufa ganzi, sare za shule hasa, kaptura na mashati. Ukiisha, tulifunika cherehani na kutazama vumbi la kiangazi likipita barabarani. Fundi hakuwa mtu wa kuweza kukaa bure. Aliingia ndani akatoka na bao lake, akamwaga kete mkekani, akasema leo tunasafiri.

Bao lile hatukulicheza kama watu wanavyolicheza. Fundi alikuwa na mchezo wake mwingine. Mara alisema aliurithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mtoto wa mpagazi, mara alisema ameuzua mwenyewe. Nilimsikia akisema yote mawili na sitaki kumchagulia. Katika mchezo huo yeye alikuwa mkuu wa msafara. Msafara umetoka pwani na mizigo ya shanga na nguo, na sasa unaelekea Ujiji, kambi hadi kambi: Igalula, Tabora, Urambo, Malagarasi, Uvinza, ndipo Ujiji. (Baadaye nilipopanda treni niliona kambi zake zote, isipokuwa Ujiji, zilikuwa stesheni. Labda reli ilifuata njia ya misafara. Labda fundi alifuata reli.)

Sisi wengine tulikuwa wezi. Kila kambi ilibidi uibe kitu kimoja atakachokitaja yeye, kisha uende kambi inayofuata. Ukikamatwa, safari yako imekwisha.

Kabla ya safari kila mwizi alipewa kete kumi na mashimo manne ya kuzigawia. Shimo la kwanza lilikuwa la miguu, yaani kunyata. La pili la mikono, yaani wepesi wa kuchukua. La tatu la macho, kuona hatari mapema. La nne la ulimi, kujitetea ukikutwa. Ukishazigawa huna ruhusa ya kuzihamisha. Mkuu wa msafara alikueleza mahali ulipo na jambo lililo mbele yako, kisha alirusha simbi, yale makombe madogo ya pwani. Simbi zilizoangukia mdomo juu zikizidi kete zako za shimo hilo, umekwama. Ukitaka kunyata alitazama shimo la miguu, ukitaka kusema alitazama shimo la ulimi. Ndiyo sheria yote, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Aliyefika Ujiji alipewa neno moja. Maana yake, alikuwa na haki ya kumwambia fundi jambo lolote, na fundi alilazimika kulisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakulazimika kukubali. Kusikiliza tu. Asiyemjua fundi ataona zawadi hiyo ni ndogo, lakini fundi hakumwacha mtu amalize sentensi. Hata mteja aliyekuja kusema suruali inambana aliambiwa kwanza habari za kitambaa, kisha za kiwanda, kisha za tumbo la mteja mwenyewe, na akaondoka na suruali yake vilevile.

Mimi nililitaka neno lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Fundi alikuwa na binti. Alidarizi kofia chumba cha mbele, nyuma ya dirisha la baraza, na pazia likipeperuka uliona mkono wake na sindano. Tulikuwa tumezungumza mara chache, na siku zote mbele ya mama yake, lakini alinitania. Siku moja nimebeba ndoo ya maji kumpelekea mama yake alisema, "Kaka, wewe unanyata hata ukiwa na ndoo. Maji yenyewe yanakuogopa, hayamwagiki." Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Sikuweza kuamua kama ni sifa.

Hapo tena kulikuwa na habari ya nyumbani. Wazazi wangu walikuwa wamehamia kijiji kipya upande wa Nzega, na baba alinitumia salamu kwa utingo wa basi: viwanja vinagawiwa, nije kabla ya mvua nichukue changu, na mke wa kukaa naye ameshatafutwa, ni mtoto wa jirani yetu mpya. Baba hakukosea. Alifanya ambalo baba hufanya kwa mwanawe asiyesema anataka nini. Nilimrudishia utingo jibu kwamba nimesikia. Lilikuwa jibu la kweli lakini halikuwa jibu.

Mwizi mwenzangu alikuwa kijana wa duka la jirani. Watu wake walikuja kutoka Omani zamani sana, biashara ikawakalisha, na yeye alijua Kinyamwezi cha sokoni kuliko watoto wengi wa mjini. Siku hizo duka la baba yake lilikuwa na viberiti na bluu ya kufulia na rafu tupu, kwa hiyo na yeye alikuwa na mchana mrefu. Watu walisema binti wa fundi ataozwa yeye. Sikuwa na ushahidi. Alimsalimia binti vizuri, lakini kwa haki lazima niseme kwamba alimsalimia kila mtu vizuri, hata mbuzi.

Siku ninayoikumbuka tulianza baada ya chakula cha mchana. Mwenzangu aligawa kete zake huku anazungumza, ulimi tano, macho tatu, miguu moja, mikono moja. Mimi nilifikiri sana. Mwizi ni nani, nilijiuliza, kama si mtu asiyesikika? Na katika mashimo yale manne, kunyata ndiko nilikokujua. Kwa hiyo niliweka nane kwenye miguu na mbili kwenye mikono. Macho na ulimi niliviacha vitupu.

Fundi aliinama akayachungulia mashimo yangu. "Ulimi huna kabisa?"

Nilimwambia sitauhitaji, maana hakuna atakayeniona.

"Huyu akifa hatutajua," alisema mwenzangu. "Hata jeneza lake litanyata."

Nyuma ya pazia mtu alicheka kwa pua.

Safari ilienda vizuri kupita nilivyotegemea. Fundi alikuwa na simbi sita tu, na sita haziwezi kuzidi nane. Igalula nilichukua kibuyu cha asali pembeni ya moto wa walinzi. Tabora nilipita katikati ya wapagazi waliolala na kuchukua jora la kaniki. Urambo fundi aliniwekea mbwa, Malagarasi aliniwekea majani makavu na mlinzi mwenye kikohozi asiyelala. Alirusha simbi, akahesabu, akatikisa kichwa. Mwenzangu alikuwa akikamatwa kila kambi na kila kambi akijitoa kwa maneno. Urambo alimwambia mlinzi kwamba yeye ndiye mwenye mbwa. Malagarasi alimshauri mkohozi dawa, wakaagana kwa heri. Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Lakini nilimwona fundi akinitazama mimi, na hakuwa anacheka sana.

Tukafika Uvinza, penye chumvi.

"Kambi hii ni ya mchana," fundi alisema. "Msafara umepumzika. Wanawake wa pale wako kwenye vyungu vyao wanachemsha maji ya chumvi. Wewe unataka pakacha moja la chumvi, liko nyuma ya mwanamke mmoja aliyeinama anachochea moto. Unafanyaje?"

Nikasema nanyata.

Alizishika simbi mkononi, akazitikisa, kisha akaziweka chini bila kuzirusha.

"Umefika. Kwa kete nane nani atakusikia? Uko nyuma yake, karibu hivi. Anageuka kuchukua kuni anakukuta mwanamume mgongoni kwake, mchana kweupe, hukupiga hodi, hukukohoa. Anapiga yowe. Kambi nzima imesimama. Sasa sema."

 Shimo la ulimi lilikuwa tupu, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Mwenzangu ndiye aliyenitetea. Ninaliandika hili wazi kwa sababu lilikuwa kinyume na faida yake. "Ami, hiyo sheria umeitoa wapi? Simbi hukurusha. Kimya ni kimya, hakuna kimya kilichozidi."

"Kipo," fundi alisema. "Mtu mwema akikaribia walipo wanawake anakohoa. Hata mwizi mwenye akili anakohoa, ili adhaniwe mtu mwema. Asiyekohoa ndiye wa kuogopwa." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa tena ya mkuu wa msafara. "Wewe tangu uje kwangu unaingia uani kuchukua moto wa pasi. Kila asubuhi. Sijakusikia hata siku moja. Mke wangu hajakusikia. Juzi amemwaga ungo mzima wa mchele kwa kukukuta mlangoni. Najiuliza, kijana huyu anatafuta nini nyumbani kwangu kimya kimya hivi?"

Nadhani uso wangu ulionyesha kila kitu, au haukuonyesha chochote. Sijui kipi kibaya zaidi.

Niliyoyajua mimi ni haya. Nyumbani kwetu kijana anayepita karibu na wakubwa, hasa wale anaowastahi kama wakwe, hupita polepole, macho chini, bila kujitangaza. Kujitangaza ndiyo utovu wa adabu. Nilipokuja mjini niliichukua adabu ile na kuipeleka uani kwa fundi kila asubuhi pamoja na pasi mkononi. Kadiri nilivyomtaka binti yake ndivyo nilivyozidi kunyata. Nilidhani wananiona jinsi ninavyowaheshimu. Wao, kwa adabu ya nyumba zao, ambako mwanamume husafisha koo kwenye kona ili wanawake wajisitiri, walikuwa wakimwona mtu anayevizia. Hakuna aliyeniambia kwa sababu mambo kama hayo si kawaida kumwambia mtu mzima. Sikumlaumu fundi siku ile na simlaumu leo. Tena nimeipima mara nyingi hukumu yake ya Uvinza. Kwa sheria ya mchezo alinionea, maana simbi zilitakiwa kurushwa. Kwa mengine yote alikuwa na haki.

Mwenzangu aliendelea peke yake. Uvinza alikohoa tangu mbali, akawasalimia wanawake mmoja mmoja, akauliza bei ya chumvi, akapewa pakacha abebe mwenyewe. Hakukawia kufika Ujiji. Fundi akasema haya, umefika, sema neno lako.

Nilishika kitambaa cha kufunikia cherehani nikasimama na kazi nisiyoihitaji. Pazia lilikuwa limetulia. Nilikuwa na hakika kwamba atamwomba fundi binti yake. Angemwomba vizuri, kwa maneno yaliyonyooka, na fundi angesikiliza mpaka mwisho, na kesho yake ningepanda basi la Nzega.

Mwenzangu alijinyoosha. "Ami," alisema, "neno langu ni hili. Yale maandazi ya Idi. Mama wa humu ndani ayapike tena hata kabla ya Idi. Sukari nitaileta mimi, msiulize ninaitoa wapi."

Fundi alisubiri, kwa sababu sheria ilimtaka asubiri. Maneno yalipoonekana yamekwisha alisema tu, "Basi?"

"Basi."

Jioni nilimsindikiza mwenzangu mpaka dukani kwake, mwendo wa kutupa jiwe, nikauchukua kwa hatua fupi. Nilimweleza yote, na ya baba pia. Nilijikwaa kila nilipofika kwenye neno binti. Nikamwomba aende kunisemea kwa fundi, kwa kuwa hapa mjini sina mjomba wala ndugu, na kwa kuwa ana ulimi.

Alikuwa anafunga mbao za mlango. Alizifunga zote kwanza.

"Unadhani nimeweka kete tatu kwenye macho bure?" alisema. "Tangu mfungo nakutazama unavyolipiga pasi shati moja mara tatu ukikaa upande wa dirisha. Nitakwenda. Lakini siendi kumsemea mtu ambaye wenye nyumba wanamdhani mwizi. Kwanza wewe ukakohoe."

Sijui kama naye alimtaka. Sikumuuliza na hakunieleza, na sasa nimechelewa. Ikiwa alimtaka, basi alifanya kitu kikubwa na mimi nikakipokea kama kidogo. Ikiwa hakumtaka, alifanya tu urafiki, na huo pia si kidogo.

Asubuhi nilichukua pasi kama kawaida, nikazunguka kwenye ukuta wa uani. Nilisimama penye kona. Mtu aliyezoea kukohoa kwa kupenda hajui jinsi koo linavyokuwa kaidi. Mara ya kwanza ilitoka hewa tupu. Mara ya pili nilikohoa kwa nguvu mno mpaka kuku wa jirani wakatimka.

 Kisha sauti ya binti: "Mama, leo mwizi ameugua kifua."

"Hodi," nikasema.

"Karibu," alisema mama yake, na nikasikia ungo ukiwekwa chini taratibu, bila kumwagika.

Niliingia nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku ananitazama machoni, jambo ambalo nadhani hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya. Binti alikuwa jikoni na koleo. Nilifungua kifuniko cha pasi, akaanza kunijazia makaa ya moto, moja moja. Hakuwa na haraka.

Ndipo fundi alipoita kutoka chumbani. "Nani huyo anakohoa kwangu asubuhi yote hii?"

"Ni mimi, baba." Siku zote nilimwita fundi. Baba lilitoka lenyewe.

"Unataka nini?"

"Nataka moto wa pasi."

Nilisikia kitanda kikilia, kisha mlio wa ndala zake. Alikuja akasimama mlangoni na msuli na kofia, akatazama pasi, akanitazama mimi, akatazama koleo mkononi mwa binti yake. Nilitegemea aanze kusema, kwa sababu hakuwahi kushindwa kuanza. Lakini alikaa kimya kama vile niko Ujiji.

"Na nini tena?" alisema.

 Nilijua kwamba nikisema baadaye, hakuna baadaye. Basi la Nzega lilikuwa linaondoka kila siku.

"Na mtu wa kunisemea," nikasema. "Nyumbani kwetu ni mbali na baba yangu hajui desturi za huku. Nimepata mtu wa hapa hapa. Nilitaka kuuliza kama akija Ijumaa baada ya sala atakaribishwa." Nilidhani nimemaliza, kumbe sikumaliza. "Na mchele ule uliomwagika nilikuwa mimi. Nilinyamaza kwa heshima. Kwetu ndivyo tulivyo. Sikujua kwamba huku ni kuvizia."

Hizo zilikuwa sentensi nyingi kuliko nilizomwambia tangu nianze kushona kwake, na hakunikatiza hata moja. Alimtazama mkewe. Mkewe aliuchukua ungo tena, akarusha mchele mara mbili, akasema kama anauambia mchele, "Mshenga kwetu huja asubuhi. Ijumaa baada ya sala watu wanakula."

"Basi aje ale," fundi alisema. "Ni yule wa dukani?"

Nikasema ndiye.

"Nilijua. Mwambie aje na hiyo sukari yake." Akageuka kurudi ndani, kisha akatoa kichwa tena. "Na baba yako aletwe. Huyu mtoto wa watu huko Nzega mnamwambia nini?"

Kumbe hata hilo alilijua. Gongoni habari za utingo ni za wote. Nikasema nitakwenda mwenyewe kuwaambia, kwa mdomo wangu, na kwamba kiwanja nitakichukua au nitakiacha kwa idhini yao. Nilikwenda, na haikuwa rahisi, na baba alikasirika siku mbili nzima kisha akauliza kama mkwe anajua kulima. Nikasema anajua kudarizi. Akasema haya. Yule binti wa jirani aliolewa mwaka uleule na mtu mwenye ng'ombe, nasikia walikaa vizuri. Ninaandika hivyo kwa sababu ningependa kuwa ni kweli, na kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile fundi alipokwishaingia ndani nilibaki nimesimama uani na pasi wazi mkononi. Nilikuwa nimeishika muda wote ule, na makaa yaliyowekwa kwanza yalikuwa yameshageuka majivu. Binti aliona. Aliipokea pasi, akaipiga ubavuni majivu yakamwagika, akainama jikoni kunitafutia mengine.